Larry Holmes: Bingwa aliyefunikwa na kivuli cha Ali

KATIKA nyumba nyingi mabishano kuhusu ndondi hayana mwisho. Baba atakwambia kwamba hajazaliwa bondia wa kumfikia Muhammad Ali. Kijana wake, aliyekua akisikia sifa za Mike Tyson, atacheka na kudai kwamba Ali angelala sakafuni kabla ya raundi ya tatu. Mjomba naye atawakumbusha wote wawili kuhusu Joe Louis na George Foreman. Lakini kuna jina moja ambalo halitajwi, au likitajwa huja mwisho kabisa, nalo ni la Larry Holmes.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Je, Holmes amepewa haki yake? Ili tujibu swali hili, hebu tumpime jinsi mwenye duka apimavyo sukari, yaani kwa mizani wala si kwa macho. Vipimo ni vinne: alipigana na akina nani, alidumu kwa muda gani, alifanya nini alipoangushwa, na alishindwa vipi.

Holmes alizaliwa mwaka wa 1949 katika jimbo la Georgia, Marekani, akakulia katika mji wa Easton, Pennsylvania. Kwao walikuwa watoto wengi na riziki ilikuwa haba, kwa hivyo aliacha shule akiwa darasa la saba, akaenda kuosha magari. Alianza ndondi za kulipwa mwaka wa 1973, na kwa muda aliajiriwa na Ali kuwa mwenzake wa mazoezi. Kazi yake ilikuwa kupigwa na kupiga ili bingwa apate kujinoa. Huko ndiko alikonoa silaha yake kuu, ngumi ya mkono wa kushoto iliyonyooka, ambayo wajuzi wengi wa mchezo huu huihesabu kuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa katika uzani wa juu.

Tuanze na wapinzani. Mnamo Juni 1978 alipambana na Ken Norton, aliyewahi kumvunja Ali taya, wakiwania taji la WBC. Walipigana raundi zote 15, na kufikia ile ya mwisho hakuna aliyejua nani anaongoza. Majaji wawili walimpa Holmes ushindi wa pointi 143 kwa 142, na wa tatu akampa Norton kwa tofauti iyo hiyo ya pointi moja. Hivyo ndivyo alivyopata ubingwa.

Wanaosema kwamba alipiga vibonde wasome orodha vizuri. Mike Weaver, aliyeshindwa na Holmes mwaka wa 1979, alitwaa taji la WBA mwaka uliofuata. Tim Witherspoon alipigwa na Holmes mwaka wa 1983, akawa bingwa mwaka wa 1984. Trevor Berbick na James 'Bonecrusher' Smith, ambao pia walikuwa wamepita mikononi mwake, walitwaa mataji mwaka wa 1986. Hao si vibonde. Walionekana wadogo kwa sababu aliyesimama mbele yao alikuwa mkubwa.

Kipimo cha pili ni muda. Holmes alikaa juu tangu Juni 1978 hadi Septemba 1985, miaka saba na zaidi, akatetea ubingwa wake mara 20. Joe Louis, aliyetawala tangu 1937 hadi 1949, alitetea mara 25. Rocky Marciano, ambaye hakushindwa hata mara moja, alitetea mara sita tu kabla ya kustaafu.

Cha tatu ni moyo. Mnamo Septemba 1979, katika raundi ya saba, Earnie Shavers alimzaba konde la kulia lililomwangusha chali. Shavers alikuwa na ngumi nzito ajabu, na mabondia wengi waliopigwa hivyo naye hawakusimama tena. Holmes aliinuka akiyumba, akajikaza, na katika raundi ya 11 ni Shavers aliyekuwa hajiwezi, mwamuzi akasimamisha pigano.

Ikiwa hali ni hiyo, kwa nini hakupendwa? Jibu liko Las Vegas, Oktoba 2, 1980. Ali, akiwa na umri wa miaka 38, alirudi ulingoni kutafuta taji kwa mara ya nne. Mwili wake ulikuwa umechoka na mikono ilikuwa mizito. Kwa raundi kumi Holmes alimpiga mwalimu wake, na mara kwa mara akamtazama mwamuzi kana kwamba anamwomba asimamishe. Majaji wote watatu walimpa Holmes kila raundi. Hatimaye Angelo Dundee, mkufunzi wa Ali, alikataa kumruhusu mtu wake aendelee. Baadaye mshindi alilia. Angemfanyaje? Kama angekataa pigano hilo, angeitwa mwoga. Alipokubali akashinda, mashabiki walimwona kama mtoto aliyempiga babake.

Miaka miwili baadaye alikutana na Gerry Cooney, mzungu aliyekuzwa na matangazo kwa sababu ya rangi yake. Usiku huo, kinyume na desturi, bingwa alitangazwa kwanza na mpinzani akatangazwa mwisho. Holmes alinyamaza, akamaliza kazi katika raundi ya 13.

Sasa tusikize mashtaka, maana hakimu wa haki husikiza pande zote mbili. Ni kweli kwamba Holmes hakuyaunganisha mataji yote. Ni kweli pia kwamba baadhi ya mapigano yake, kama lile la Marvis Frazier mwaka wa 1983 lililokwisha katika raundi ya kwanza, hayakufaa kuwa ya ubingwa. Ushindi wake dhidi ya Witherspoon, na ule dhidi ya Carl Williams mwaka wa 1985, unabishaniwa mpaka leo. Na ulimi wake ulimponza. Mnamo Septemba 1985, akiwa ameshinda mara 48 bila kushindwa na akihitaji ushindi mmoja tu kumfikia Marciano, alipoteza kwa pointi kwa Michael Spinks, kisha kwa hasira akamtukana Marciano aliyekuwa amekwisha kufa. Aliomba msamaha, lakini wengi hawakusahau.

Kipimo cha mwisho ni jinsi alivyoshindwa. Alipopoteza kwa mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 35. Katika mapigano 75, alishinda 69 na kushindwa sita, na ni mtu mmoja tu aliyemkomesha kabla ya kengele ya mwisho, naye ni Tyson, mnamo Januari 1988. Holmes alikuwa na miaka 38, umri ule ule wa Ali usiku ule wa Las Vegas. Tukimsamehe Ali kwa sababu ya uzee, mbona tusimsamehe Holmes? Tena mwaka wa 1992, akiwa na miaka 42, alimshinda Ray Mercer, ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Mercer alipata dhahabu yake katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, michezo ile ile ambamo Robert Wangila aliiletea Kenya dhahabu.

Mizani inasemaje? Ali anabaki juu, kwa kuwa aliwapiga Sonny Liston, Joe Frazier na Foreman, na hakuna mwingine mwenye orodha kama hiyo. Louis anamfuata kwa utawala wake mrefu. Nafasi ya tatu ni ya Holmes. Atakayempa Foreman nafasi hiyo kwa sababu ya kurudia taji mwaka wa 1994 akiwa na miaka 45, au Marciano kwa kutoshindwa, ana hoja ya kusikizwa. Lakini anayemtoa Holmes nje ya watano wa kwanza hajapima. Amechagua kwa mapenzi tu, na si kosa la Holmes kwamba alizaliwa miaka saba baada ya mtu ambaye dunia nzima ilimpenda.