Grameen Shakti: Kampuni iliyowasha taa pale nguzo za umeme ziliposhindwa kufika

Bangladesh ni miongoni mwa nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani. Mwaka 2009, mitambo yote ya umeme ya nchi hiyo ilikuwa na uwezo wa takriban megawati 5,000 tu, na chini ya nusu ya wananchi ndio waliokuwa na umeme majumbani. Waliounganishwa walizoea kukatiwa kila siku, hasa nyakati za joto. Wasiounganishwa, ambao wengi wao waliishi vijijini, waliendelea kutegemea kibatari na taa ya chemli.

Katika upungufu huo ndipo ilipokua kampuni ya umeme wa jua iitwayo Grameen Shakti. Kwa muda wa takriban miaka kumi na saba tangu ilipoanzishwa, kampuni hiyo ilifunga mitambo midogo ya sola katika nyumba zaidi ya milioni moja, nyingi zikiwa za wakulima, wavuvi na wenye maduka madogo. Kisa cha kukua kwake, na cha kuyumba kwake baadaye, kinafaa kuzingatiwa na kila familia inayofikiria kununua sola, kwa kuwa kinaonesha ni kitu gani hasa mtu hununua anaponunua taa.

Nchi ya mito

Kwa lugha ya Kibengali, neno "grameen" lina maana ya kitu cha kijijini, na "shakti" ni nguvu au nishati. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1996 ikiwa miongoni mwa taasisi zilizotokana na kazi ya Profesa Muhammad Yunus, mwasisi wa benki ya Grameen inayokopesha maskini, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na benki hiyo mwaka 2006. Ilisajiliwa kuwa kampuni isiyogawa faida kwa wenye hisa, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Dipal Chandra Barua.

Sehemu kubwa ya Bangladesh ni tambarare ambako mto Ganges na mto Brahmaputra hukutana na kugawanyika tena kabla ya kumwaga maji baharini. Kila mwaka mafuriko hufunika mashamba. Vipo visiwa vya mchanga ambavyo mto huvijenga mwaka huu na kuvibomoa mwaka mwingine, na juu yake wanaishi watu. Kusimamisha nguzo na kuvusha nyaya hadi sehemu kama hizo ni kazi ya gharama kubwa, na hata zikifika, umeme wa kupitisha ndani yake ulikuwa haba. Paneli ya sola, kwa upande wake, hubebwa juu ya mtumbwi na kufungwa juu ya paa la bati kwa muda wa saa chache.

Kikwazo kilikuwa bei. Katika miaka ya 2000, mtambo wa wati 50, wenye uwezo wa kuwasha taa nne na televisheni ndogo, uligharimu kiasi cha dola 400. Mkulima wa mpunga hana fedha hiyo mkononi kwa mara moja. Hata hivyo, mkulima huyohuyo alikuwa akitoa fedha kila wiki kununua mafuta ya taa, na wengine walilipia kuchajiwa betri za magari mjini ili watazame televisheni. Fedha ilikuwapo, ila ilitoka kidogo kidogo.

Kampuni ikauza kwa namna inayofanana na matumizi ya watu. Katika mpango wake mmoja uliojulikana sana, mnunuzi alitanguliza asilimia 15 ya bei, na salio akalilipa kwa miezi 36 pamoja na ada ya huduma. Kwa mtambo wa dola 400, kianzio kilikuwa dola 60, na salio la dola 340 likigawanywa kwa miezi 36 ni pungufu kidogo ya dola 10 kwa mwezi, kabla ya ada hiyo. Aliyelipa taslimu alipunguziwa bei. Mwisho wa miezi hiyo mtambo ulikuwa mali ya familia moja kwa moja.

Mkusanyaji aliyekuwa fundi

Wauzaji wengi wa dunia hii hukoma kumjua mnunuzi pindi anapotoka dukani. Grameen Shakti ilifungua matawi vijijini, na mfanyakazi wa tawi ndiye aliyefika nyumbani kila mwezi kuchukua malipo. Mfanyakazi huyo hakuwa mdai tu. Alifundishwa pia ufundi, hivyo alipofika alikagua maji ya betri, akatazama nyaya, akafuta vumbi kwenye paneli na kumwelekeza mama mwenye nyumba namna ya kuutunza mtambo.

Utaratibu huo ulimfunga muuzaji na mnunuzi kwa kamba moja. Taa isipowaka, mwenye nyumba hana sababu ya kutoa fedha yake. Kwa hiyo kampuni ililazimika kuhakikisha inawaka, nayo familia ilikuwa na pa kulalamikia, mbele ya mtu inayemfahamu kwa sura na kwa jina. Waswahili husema ahadi ni deni, na huku deni lilikuwa la pande zote mbili.

Aidha, kampuni ilianzisha vituo vya ufundi ambavyo vingi viliongozwa na wahandisi wanawake. Humo wanawake wa vijijini walifundishwa kuunganisha vidhibiti vya chaji na kutengeneza taa zilizoharibika. Faida yake ilikuwa zaidi ya kipato. Katika jamii ambayo mwanamume mgeni haingii nyumbani wakati mume yuko shambani, fundi mwanamke angeweza kuingia, kukaa na mama wa nyumba na kumweleza mambo kwa utulivu.

Miaka ya kukua

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mwendo wa pole. Mambo yalibadilika mwaka 2003, pale taasisi ya fedha ya serikali iitwayo IDCOL ilipoanza mpango wa kitaifa wa sola majumbani kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine. IDCOL iliyapa mashirika yanayouza sola mikopo nafuu na ruzuku, na ikaweka viwango vya ubora wa paneli na betri. Lengo lilikuwa mitambo 50,000 kwa miaka mitano. Lengo hilo lilifikiwa mwaka 2005, karibu miaka mitatu kabla ya wakati. Grameen Shakti ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko mashirika yote yaliyoshiriki, na kufikia mwaka 2013 ilikuwa imevuka mitambo milioni moja. Mpango mzima ulifikisha mitambo ipatayo milioni nne, iliyowapa mwanga watu wapatao milioni 20.

Dunia ilitambua kazi hiyo. Mwaka 2009, mjini Abu Dhabi, Barua alikuwa mtu wa kwanza kupokea tuzo ya nishati iliyoanzishwa kwa jina la Sheikh Zayed. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Grameen Shakti ilikuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Right Livelihood inayotolewa nchini Sweden. Mmoja wa walioitunukiwa mwaka huohuo alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mama Muislamu wa Wajir nchini Kenya, aliyesifika kwa kusuluhisha koo zilizokuwa zikiuana, na ambaye alifariki mwaka 2011. Allah amrehemu.

Nyaya zafika, malipo yakoma

Baada ya mwaka 2013 mauzo yalianza kushuka, na sababu zake zilikuwa zaidi ya moja. Serikali iliongeza kasi ya kupeleka gridi ya taifa vijijini. Wakati huohuo, mipango ya misaada ya serikali ikaanza kugawa paneli bure katika vijiji vilevile ambavyo jirani alikuwa bado analipia yake. Sokoni nako ziliingia paneli za bei rahisi zisizokuwa na dhamana wala kiwango.

Lazima tuseme kweli pia kuhusu mtambo wenyewe. Wati 50 hazigandishi barafu wala hazipashi pasi moto. Familia iliyopata taa ilitamani feni na jokofu, na hilo si kosa. Waya wa gridi ulipofika mlangoni, wengi waliona hakuna haja ya kuendelea kulipia sola. Mashirika yakabaki na madeni yasiyokusanyika huku nayo yakidaiwa. Matawi yalipopunguzwa, fundi akaacha kuzunguka, na betri iliyochoka ikakosa wa kuitazama. Mpango wa kitaifa ulifika tamati mwaka 2018.

Mwezi Machi 2022 serikali ilitangaza kwamba nchi nzima imefikiwa na umeme. Mitambo ilikuwa na uwezo wa zaidi ya megawati 20,000, wakati kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuzalishwa hadi hapo hakikufika megawati 15,000. Miezi minne baadaye mgao ulirudi. Mitambo mingi ilitegemea gesi, mafuta na makaa ya kuagizwa nje, na bei zake zilipanda sana baada ya vita vya Ukraine kuanza. Mwezi Julai mitambo ya dizeli ilisimamishwa, maduka yakaamriwa kufungwa mapema, na misikiti ikaombwa kuwasha viyoyozi wakati wa Swala tu. Tarehe 4 Oktoba 2022 gridi ilianguka na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani kwa saa kadhaa. Juni 2023, mtambo mkubwa wa Payra ulizimwa kwa kukosa makaa. Nyaya zilikuwapo na mitambo ilikuwapo. Kilichokosekana ni cha kuchoma ndani yake, ilhali jua liliendelea kuchomoza juu ya mapaa yaleyale.

Mambo ya kuulizwa kabla ya kununua

Huku kwetu Afrika Mashariki, ambako mgao wa umeme si habari ngeni, biashara ya sola kwa awamu imekua sana tangu kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza nchini Kenya mwaka 2012 kwa malipo ya simu. Mnunuzi hutuma fedha kidogo kila siku au kila wiki, na asipolipa mtambo hujifunga wenyewe. Utaratibu huo unaondoa gharama ya kumtuma mtu kila nyumba. Lakini msomaji aliyefuatilia kisa cha Bangladesh ataona pia kilichoondoka pamoja naye: mkusanyaji wa fedha ndiye aliyekuwa mkaguzi wa betri. Basi swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: taa ikigoma, nani atakuja, kutoka wapi, na baada ya siku ngapi?

Swali la pili ni la bei. Wanazuoni walio wengi, wa madhehebu manne ya fiqhi, wameruhusu bidhaa kuuzwa kwa awamu kwa bei inayozidi ile ya taslimu, ilimradi pande mbili ziachane zikiwa zimekubaliana bei moja iliyo wazi. Kinachokatazwa ni deni kuongezewa fedha kwa sababu mdaiwa amechelewa, kwani hiyo ni riba. Kwa hiyo Muislamu aombe aandikiwe bei yote kamili, aulize kinachotokea akichelewa, na pale penye shaka amuulize mwenye elimu kabla ya kutia saini.

Swali la tatu ni la betri. Betri nyingi za asidi zina madini ya risasi, nayo ni sumu hasa kwa ubongo wa mtoto. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya kila watatu duniani ana kiwango cha kutia wasiwasi cha risasi katika damu, na ikataja urejelezaji holela wa betri kuwa chanzo kikubwa. Hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi kiasi kwamba mahakama, mwaka 2020, iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri iliyokufa isipasuliwe uani wala isiachwe wanapochezea watoto. Irudishwe kwa muuzaji, na ni vyema kumchagua tangu mwanzo muuzaji anayekubali kuipokea.

Grameen Shakti haikumaliza uhaba wa umeme wa Bangladesh, na hakuna kampuni ya taa ndogo inayoweza kumaliza uhaba wa taifa. Hiyo ni kazi ya serikali, na wananchi wana haki ya kuidai. Ilichofanya ni kuziwezesha familia zaidi ya milioni moja kufuturu, kusoma na kulea wagonjwa kwenye mwanga katika miaka ambayo serikali haikuweza kuwafikia. Iliweza kwa sababu paneli juu ya paa ilifuatwa na mtu mlangoni. Anayenunua sola leo na aitazame paneli vizuri, kisha amtazame vizuri zaidi huyo anayemuuzia.