Jumba la Chatsworth na Deni la Mauti

Kando ya mto Derwent, katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, limesimama jumba liitwalo Chatsworth, lenye vyumba vinavyokaribia 300. Aliyeliasisi, mwaka 1552, ni mwanamke, Bess wa Hardwick, pamoja na mumewe wa pili, Sir William Cavendish. Bess aliolewa mara nne, na katika hesabu za mali wanaume wachache wa zama zake waliweza kumfikia. Malkia Mary wa Scotland alipowekwa kizuizini chini ya mume wa nne, mabibi hawa wawili waliketi wakitarizi pamoja, na baadhi ya kazi za mikono yao zingalipo hadi leo.

Hazina za humo hazihesabiki kwa ukurasa mmoja. Kuna michoro ya Leonardo da Vinci na Rembrandt, na kuna fidla iliyotundikwa mlangoni ambayo, kumbe, ni rangi tupu iliyopakwa na fundi. Lakini sisi tumevutiwa zaidi na kitu kinacholika. Mwaka 1826 aliajiriwa kijana, Joseph Paxton, kuwa mkuu wa bustani. Katika miaka ya 1830 aliotesha humo, ndani ya nyumba ya vioo iliyopashwa joto, migomba iliyotoka Mauritius. Ndizi zake zikapewa jina la ukoo wa bwana wake, Cavendish, na ndizo zinazotawala leo biashara ya ndizi zivukazo bahari. Mama anunuaye ndizi za Cavendish sokoni, basi, amebeba kikapuni jina la makabaila wa Kiingereza.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, Duke wa kumi wa Devonshire, mwenye jumba, aliona heri wanafunzi wa kike kuliko wanajeshi. Akawakaribisha wasichana wa shule moja kutoka Wales, wapatao 300 pamoja na walimu wao. Wakalala katika kumbi za fahari, maji ya moto hayawatoshi, na mvuke wa pumzi zao ukaotesha kuvu nyuma ya picha za thamani. Wakati wa baridi waliteleza juu ya barafu ya bwawa, na bila shaka hilo ndilo walilolikumbuka zaidi.

Msiba wenyewe ulikuja kwa njia ya urithi. Kwa desturi yao cheo na jumba humwendea mwana wa kiume wa kwanza, na wenziwe hawana fungu humo. Sisi tuliolelewa juu ya thumni na sudusi, ambapo binti na mjane wana haki isiyoombwa, twaliona jambo hilo kuwa zito. Mrithi, William, aliuawa vitani Ubelgiji mwaka 1944, miezi michache tu baada ya kufunga ndoa. Baba yao akawa amekwisha kuihamisha mali ili isitozwe kodi ya mauti, kwa sharti la sheria kwamba aishi miaka mitano baada ya hapo. Akafariki ghafla Novemba 1950, ikisalia miezi michache tu.

Serikali ikadai asilimia 80. Ndugu mdogo, Andrew, akauza mashamba mengi. Mazulia ya ukutani ya karne ya 15, yenye picha za mawindo, yakaenda jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Hardwick Hall, jumba alilolijenga Bess uzeeni, likatolewa kulipia deni.

Mwaka 1959 Andrew na mkewe, Deborah, walihamia Chatsworth. Bibi huyu alifuga kuku, akaandika vitabu, na mwaka 1977 akafungua duka la mazao ya shamba. Tangu 1981 jumba lasimamiwa na wakfu wa hisani. Ukoo wa Cavendish ungali ukiishi humo, nao hulipa kodi ya pango kama wapangaji wengine.