Kuzuia Ukaukaji wa Slaidi za Tishu Katika Upakaji Rangi wa Kingamwili kwa Mashine: Mazingira ya Mbeya na Iringa

Katika upakaji rangi wa tishu kwa kingamwili, hatua ndefu kuliko zote ni ile ya kuiacha kingamwili juu ya slaidi hadi ijishikize kwenye antijeni. Muda huo huanzia nusu saa hivi na huweza kufika usiku kucha iwapo kingamwili imezimuliwa sana. Kinachoifunika tishu wakati wote huo ni tone la mikrolita 100 hadi 200 tu.

Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko chini yake kidogo. Wengi hudhani kwamba baridi ya Juni na Julai huzuia ukaukaji. Sivyo. Hewa ya asubuhi yenye nyuzijoto 8, hata ikiwa imejaa mvuke kabisa, ikiingia maabara na kupashwa hadi nyuzijoto 24 hubaki na unyevu wa takriban asilimia 36. Zaidi ya hayo, kanieneo ya hewa katika kimo hicho ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam, na hivyo mvuke hutawanyika kwa wepesi zaidi. Utaratibu uliothibitishwa pwani hauna budi kujaribiwa upya huku.

Tone hukauka kuanzia pembeni. Maji huondoka, chumvi ya bufa na protini hubaki. Tone likipungua nusu, ukolezi wake huwa maradufu. Palipokauka kabisa, kingamwili hunata bila kuchagua wala haiondoki kwa kuoshwa, na chini ya hadubini huonekana ukingo wa kahawia. Mwongozo wa ASCO na CAP wa mwaka 2020 huhesabu saratani ya matiti kuwa na vipokezi vya estrojeni iwapo angalau asilimia 1 ya viini vya seli zake vimepata rangi. Biopsi ya sindano ni nyembamba mno, karibu yote ni ukingo. Mgonjwa anaweza kuandikiwa tamoksifeni kwa miaka mitano kwa sababu ya tone lililokauka.

Mashine hutofautiana. Zile za Ventana hutandaza mafuta mepesi juu ya kimiminika. Leica Bond hufunika kila slaidi kwa kigae cha plastiki. Mashine za wazi ndizo zinazohitaji uangalizi: mfuniko ufungwe, bakuli la maji liwekwe ndani, slaidi zilale sawasawa kwa pimamaji, na kwa muda unaozidi saa moja tone la pili liongezwe katikati. Feni isielekezwe kwenye mashine. Kwa kazi ya usiku kucha, mwandishi huyu hupendelea kisanduku chenye karatasi iliyoloweshwa, ndani ya jokofu la nyuzijoto 4.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi na hakitumii kingamwili hata kidogo. Slaidi tupu hutiwa mikrolita 200 za bufa, hupimwa kwa mizani ya maabara, huachwa mashineni kwa muda uleule, kisha hupimwa tena. Kila miligramu iliyopotea ni takriban mikrolita moja ya maji. Kipimo kifanyike Julai na kirudiwe Februari, wakati wa mvua. Umeme ukikatika katikati ya kazi, slaidi zitumbukizwe kwenye bufa mara moja na kazi ianzwe upya kwa vipande vipya; zilizokwisha kukauka zisisomwe.