Kisu Huvunjikia Shingoni

Makali yakiisha hunolewa. Ncha ikikatika hupigwa tupa ikachongoka upya. Lakini kisu kikianza kucheza kwenye mpini, siku zake zinahesabika: mwenyewe atakifunga kwa mpira wa baiskeli, atakizungushia waya, na mwisho atakitupa nyuma ya jiko kikiwa bado kinakata. Visu vingi havifi kwa ubutu. Hufia shingoni, pale bapa linapoishia na mpini unapoanza.

Kwa watu wa Ufipa, mkoani Rukwa, hilo si jambo dogo, maana huku kisu hakipumziki. Masuke ya ulezi hukatwa kwa kisu kidogo, suke baada ya suke. Ng'ombe huchinjwa na kuchunwa kwa kisu kingine. Ukiteremka Ziwa Tanganyika, kwenye mialo ya Kasanga na Kirando, migebuka inapasuliwa na mikono iliyolowa utelezi wa samaki, na mkono wa namna hiyo ukiteleza mbele kidogo tu unakutana na makali.

Wahunzi wa nyanda hizi wana historia ndefu kuliko ya mji wa Sumbawanga wenyewe. Hata hivyo visu vingi vinavyouzwa leo mitaani vimetoka viwanda vya ng'ambo, vina mpini wa plastiki, na fundi wa hapa hawezi kushindana navyo kwa bei. Anachoweza ni kushindana navyo pale vinapofia. Akiijua vizuri shingo ya kisu, ana biashara.

Malungu ya Ufipa

Kwenye miteremko ya Ufipa bado yamesimama mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo wazee walitumia kuyeyushia mawe ya chuma. Lungu lilipita kimo cha mtu kwa mbali, likifika mita tatu hivi, na mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa ni mzuri kwa kujengea na hauhitaji kubebwa kutoka mbali. Chini lilizungushiwa matundu yenye mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Mkaa na mawe ya chuma viliingizwa kwa tabaka kupitia juu.

Ajabu ya lungu ni kwamba halikuvukutwa. Urefu wake ndio uliofanya kazi ya mivukuto: hewa ya moto ikipanda juu, hewa baridi inavutwa kupitia mirija ya chini, na moto unajilisha wenyewe kwa siku kadhaa. Hata hivyo haukuwa moto wa kukiyeyusha chuma chenyewe, ambacho huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538. Kilichotoka ni bonge lenye matundu matundu, chuma kikiwa kimechanganyika na mavi yake. Bonge hilo lilivunjwa, likaingizwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Baada ya kintengwe, mhunzi alianza kufua.

Kazi yote ilizungukwa na miiko. Lungu lilihesabiwa kama bibi harusi, na waliolihudumia walikaa mbali na wake zao mpaka chuma kitoke. Padri Wyckaert wa shirika la Mapadri Weupe aliandika habari za wahunzi wa huku katika jarida la Anthropos mwaka 1914. Roy Willis, aliyechapisha kitabu chake kuhusu dola ya Ufipa mwaka 1981, alikusanya simulizi zinazoiunganisha Milansi, kiti cha kale cha utawala wa Wafipa, na uhunzi. Mtanzania Bertram Mapunda, katika utafiti wake wa uzamivu wa mwaka 1995, alionyesha kwamba malungu hayakuwa njia pekee: ukanda wa Ziwa Tanganyika ulikuwa na matanuru madogo ya aina nyingine kabisa.

Majembe ya dukani ndiyo yaliyoyazima malungu. Jembe la kiwandani lilipofika kwa bei nafuu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hapakuwa tena na sababu ya kukata kuni, kuchoma mkaa, kuchimba mawe na kukesha kwa ajili ya bonge moja la chuma. Uhunzi wenyewe haukufa. Mhunzi aliacha mawe ya mlimani, akageukia chuma chakavu.

Springi ya lori

Wapenzi wa mambo ya kale huenda wasipende kusikia hili, lakini chuma chakavu cha leo kinafaa zaidi kwa kisu kuliko chuma cha lungu. Chuma cha lungu kwa kawaida kilikuwa laini, kwa sababu kilikuwa na kaboni kidogo. Kilifaa kwa jembe, ambalo likipinda hunyooshwa. Springi bapa ya gari ina kaboni ya kama asilimia 0.6, na kiasi hicho kinatosha kwa chuma kuwa kigumu kikitiwa maji, yaani kikipozwa ghafla. Malori ya mahindi yanayopanda na kushuka kati ya Sumbawanga na Tunduma yanaacha springi nyingi gereji. Ila si kila springi ni ya kuamini: iliyokatika barabarani huweza kuwa na nyufa nyingine ambazo jicho halizioni mpaka kipande kisuguliwe kikang'aa. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama unywele, hicho ni cha kutupa.

Fundi hupasha kipande mpaka kiwe chekundu, hukifua kwenye fuawe kupata umbo, kisha humalizia kwa tupa. Kwenye kutia maji ndiko wengi wanakoharibu. Jina ni kutia maji, lakini springi ikizamishwa kwenye maji baridi huweza kupasuka. Oili, hata iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ni salama zaidi. Kipimo cha moto ni sumaku. Chuma kikikataa kushikwa na sumaku, kiongezewe moto kidogo tu, kisha kizamishwe upande wa makali. Baadaye hupashwa tena taratibu mpaka bapa lililosuguliwa ligeuke rangi ya majani makavu. Ukiacha hatua hiyo, kisu kitakata vizuri mpaka siku kitakapoanguka sakafuni kikavunjika kama gae.

Shingo na msuka havitiwi maji. Msuka, yaani kile kipande chembamba kinachoingia mpinini, unatakiwa ubaki laini, ili nguvu ikija uweze kupinda kidogo na kurudi badala ya kukatika. Huko Marekani, chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, humtahini fundi kwa kisu chake mwenyewe: kikate kwa pigo moja kamba nene inayoning'inia, kikate ubao wa mbili kwa nne, baada ya hapo kibaki kinanyoa nywele, halafu kibanwe kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kukatika. Kisu kilichotiwa maji kote ni vigumu kufika mwisho wa mtihani huo.

Lipo kosa jingine la shingoni, na hili halihusiani na moto. Ukikata kona ya mraba pale msuka unapoanzia, umeuonyesha ufa mahali pa kuanzia. Kona hiyo iviringwe kwa tupa ya duara. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo tofauti kati ya kisu cha msimu mmoja na kisu cha kurithiwa.

Kuvalisha kikingio

Kwa njia ya zamani, msuka ulipashwa moto ukachomekwa kwenye kipande cha mti, ukajichomea njia wenyewe, kisha shingoni pakavishwa pete ya chuma iitwayo noleo ili mti usipasuke. Ni njia ya haraka. Ubaya wake ni kwamba kinachoushika msuka ndani ya mpini ni mti ulioungua, na mkaa haushiki kitu kwa muda mrefu.

Fundi anayetaka kisu cha kudumu huweka kikingio mahali pa noleo: kipande cha chuma au shaba ya njano kinachokaa kati ya bapa na mpini, kikiwa kimejitokeza upande wa makali ili kidole kisipite. Shaba haitafutwi mbali, koki za maji zilizokufa zinatosha. Fundi hutoboa matundu kadhaa kwa mstari, huyaunganisha kwa tupa nyembamba mpaka upatikane mwanya, na mwanya huo unatakiwa uwe mdogo kuliko msuka. Hapo subira inaanza.

Msuka hupakwa masizi ya koroboi mpaka uwe mweusi wote. Kikingio husukumwa kwa mkono hadi kikwame, kisha huvuliwa. Ndani ya mwanya patakuwa na alama nyeusi, na alama hizo ndizo zinazogusa. Hapo tu ndipo panapopigwa tupa, mara mbili tatu, si zaidi. Msuka unapakwa tena, kikingio kinasukumwa tena, kinavuliwa tena. Kikibakiza upana wa punje ya mchele kufika begani mwa bapa, tupa huwekwa chini. Fundi huchukua kipande cha bomba, hukivisha juu ya msuka, na kukigonga kwa nyundo mpaka kikingio kikae. Kisha huinua kisu kuelekea jua. Mwanga ukipita kati ya bapa na kikingio, maji na damu vitapita hapo hapo, na kutu itaula msuka kutoka ndani mahali ambapo hakuna atakayeiona.

Mpini wa fremu

Baada ya kikingio, wengi hurudi kwenye mti uliochomwa. Ipo njia bora zaidi, na vifaa vyake vimejaa katika kila karakana ya kuchomelea Sumbawanga. Huchukuliwa chuma bapa chenye unene sawa na msuka, kikakunjwa kuuzunguka msuka kama fremu ya dirisha inavyozunguka kioo, ncha zake mbili zikigota kwenye kikingio. Sasa msuka mwembamba umezungukwa na chuma kinacholingana nao. Juu ya pande mbili huwekwa vibao viwili, vikafungwa kwa gundi na ribiti zinazopenya kibao, fremu au msuka, na kibao cha pili.

Faida yake ni kwamba mti haubebi tena nguvu. Ufipa ina kiangazi kirefu kinachokausha kila kitu, halafu mvua za kuanzia Novemba zinazorudisha unyevu wote. Mti husinyaa na kuvimba kila mwaka, na mpini wa mti mtupu hulegea kwa sababu hiyo. Kwenye fremu, chuma kimeshikana na chuma; kibao kikipasuka hutolewa ribiti, kikawekwa kingine, bila bapa kuguswa. Mninga mkavu unafaa. Mpingo ni mgumu na mzito zaidi. Pembe ya ng'ombe nayo hulainishwa kwa moto, kisha hubanwa ikanyooka. Chochote kitakachotumika kiwe kimekauka kabisa kabla ya kukatwa. Mti mbichi utaiacha fremu ikijitokeza na kukwaruza kiganja.

Anayedhani mpini ni pambo tu aangalie jambia la Oman. Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi na desturi za jambia hilo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kwa wanaolivaa, mpini ni sehemu kubwa ya thamani yake. Mteja wa Rukwa hahitaji vito wala nyuzi za fedha. Lakini naye, kama mnunuzi wa Muscat, huanza kukikagua kisu kwa kukishika mpini.

Kisu chenye kikingio na fremu hakiwezi kuuzwa bei ya kisu cha plastiki, na fundi asijaribu. Sehemu kubwa ya kazi yake haionekani: imefichwa chini ya vibao na ndani ya mwanya wa kikingio. Kwa hiyo mnunuzi ndiye wa kuitafuta. Likamate bapa kwa kitambaa, ugonge mpini kwenye ukingo wa meza: sauti iwe moja, isiwe na mtikisiko. Pitisha ukucha kati ya kikingio na bapa, usikwame popote. Muulize fundi kama shingo ilitiwa maji, na mti ulikaushwa kwa muda gani. Fundi aliyefanya kazi hiyo atakujibu bila kufikiri, huenda hata akakupa nyundo ugonge mwenyewe. Akikuzuia kukijaribu, rudisha kisu mezani, uende kwa mwingine.