Filamu za mapenzi: Mzazi asikimbilie rimoti, akae azungumze na mwanawe

NI saa mbili unusu usiku na familia imekusanyika sebuleni baada ya chajio. Katika filamu inayoonyeshwa kwenye runinga, mvulana wa shule ya upili anamsogelea msichana wanayesoma pamoja, anamshika mkono na nyuso zao zinakaribiana. Baba anakohoa. Mama anakumbuka ghafla kwamba vyombo havijaoshwa na kumtuma binti jikoni. Aliye karibu na rimoti anabadilisha kituo, na familia nzima inajikuta ikitazama taarifa ya bei ya mahindi ambayo hakuna anayeisikiliza.

Kisa hiki si kigeni katika nyumba nyingi nchini. Wazazi huamini kwamba kwa kufanya hivyo wamemkinga mtoto. Lakini binti huyo ataimaliza filamu hiyo baadaye usiku, kwenye simu, akiwa amejifunika blanketi. Atakachokiona atakifasiri peke yake, au kwa msaada wa marafiki wa rika lake ambao hawajui zaidi ya anavyojua yeye.

Hapo kale jukumu la kuwafunza vijana mambo ya mapenzi halikuwa la baba na mama. Katika jamii nyingi nyanya, babu na shangazi ndio waliolibeba, na katika mwambao wa Pwani msichana alikuwa na somo au kungwi wake. Maisha ya mjini na shule za bweni yamewatenga vijana na walimu hao. Pengo walioliacha limejazwa na filamu, na mzazi anayenyamaza huwa amewaachia waigizaji ukumbi wote.

Alama za umri

Hii haimaanishi kwamba mtoto atazame chochote apendacho. Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB) hutoa alama zinazomwongoza mzazi: GE ni kwa watu wote, PG ni filamu ambayo mtoto anapaswa kuitazama kwa mwongozo wa mzazi, 16 si ya walio chini ya umri huo, nayo 18 ni ya watu wazima pekee. Aidha, kanuni za utangazaji zinavitaka vituo vya runinga visipeperushe maudhui ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku.

Hata hivyo, saa nne usiku haina maana kwenye simu. Tangu Netflix ilipoingia nchini Januari 2016, filamu hutazamwa wakati wowote. Huduma hiyo humwezesha mzazi kumfungulia mtoto ukurasa wenye kikomo cha umri na kuufunga wake kwa nambari ya siri. Hatua hiyo inafaa ichukuliwe, hasa kwa watoto wadogo. Lakini kijana wa miaka 15 ana marafiki wenye simu, na kwake kufuli pekee haitoshi.

Wivu si kipimo cha mapenzi

Wazazi wengi huhofia busu, ilhali mara nyingi hatari hujificha penginepo. Katika filamu ya Twilight ya mwaka 2008, Edward huingia chumbani kwa Bella usiku bila idhini yake ili amtazame akiwa usingizini, na tendo hilo huonyeshwa kama ishara ya mapenzi makuu. Katika The Kissing Booth ya mwaka 2018, Noah huwaonya wavulana wengine wasimkaribie Elle, bila Elle mwenyewe kujua, na ni mwepesi wa kurusha ngumi. Filamu hizo hazina mengi ya kumfanya mzazi akohoe, lakini kijana anaweza kuondoka na funzo kwamba anayekupenda hukufuatafuata, hukuchagulia marafiki na hupigana kwa ajili yako.

Funzo hilo lina gharama. Mnamo Januari 27, 2024, maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na miji mingine kulalamikia mauaji ya wanawake, ambayo mengi hutekelezwa na wapenzi au waume wao. Si haki kuilaumu filamu kwa uhalifu wa mtu. Hata hivyo, msichana anayedhani kwamba kupekuliwa simu ni dalili ya kupendwa hatashtuka mapema, na mvulana anayedhani hivyo hivyo hatajiona mkosaji.

Maswali badala ya mahubiri

Mazungumzo hayahitaji kikao rasmi. Kijana akiitwa na kuambiwa aketi wazungumze kuhusu mapenzi, atainamisha kichwa na kuitikia kila kitu. Filamu humrahisishia mzazi kazi kwa kuwa anayejadiliwa ni mtu mwingine.

"Mwanangu, huyu mvulana akiwakataza wenzake wasizungumze na msichana, unaonaje?" mzazi anaweza kuuliza.

"Anampenda, baba. Huoni anavyomwonea wivu?"

"Je, msichana mwenyewe ameulizwa?"

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko hotuba ya saa nzima. Mzazi asikimbilie kulijibu. Amwache mtoto afikiri, hata kama jibu litakuja baada ya siku tatu wakiwa ndani ya matatu.

Zipo pia filamu zinazofungua mlango kwa njia njema. Katika To All the Boys I've Loved Before ya mwaka 2018, Lara Jean na Peter wanapoafikiana kujifanya wapenzi, msichana huandika masharti yake, likiwemo la kutobusiwa. Baadaye video yao ya faragha husambazwa mtandaoni. Hapo mzazi ana nafasi ya kueleza kwamba mtu ana haki ya kuweka mipaka, na kwamba nchini Kenya kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018.

Jambo jingine la kujadili ni lile ambalo filamu nyingi hulikwepa, yaani yanayofuata baada ya muziki kuisha. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulibaini kwamba asilimia 15 ya wasichana wa kati ya miaka 15 na 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Msururu wa Shuga, uliotengenezewa Nairobi na kuonyeshwa mwaka 2009, ulijaribu kuziba pengo hilo kwa kugusia virusi vya HIV. Vilevile, kijana afahamu kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 humhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto.

Mazungumzo haya yasiwe ya mabinti pekee. Mvulana ndiye anayefunzwa na filamu kwamba "hapana" ya msichana ni mwanzo wa kubembeleza. Asipoambiwa vinginevyo na baba au mama yake, ataamini hivyo.

Huenda pia siku moja mtoto akasema, "Mama, hata mimi kuna mtu ananifanyia hivyo." Mzazi atakayepandwa na hasira au kunyang'anya simu papo hapo atakuwa ameifunga njia aliyoifungua kwa taabu. Asikilize kwanza, amshukuru mtoto kwa kusema, kisha waamue pamoja hatua ya kuchukua.

Kwa hivyo, usiku filamu itakapofika pale nyuso zinapokaribiana, vyombo vinaweza kusubiri. Binti akae, baba ameze kikohozi chake, na rimoti ibaki mezani.