Kifungo cha Gwanda la Askari

Huko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili kimekaa humo tangu zamani, fundi cherehani hukupachikia kifungo mara moja. Lakini askari aliye lindoni hana fundi; ana sindano yake na uzi.

Kosa kubwa, nasi tulilifanya tulipokuwa makadeti, ni kukikaza kifungo hata kikagandamana na kitambaa. Siku ya gwaride tulipolifunga koti, uzi ulikatika, kifungo kikadondoka mbele ya mkaguzi.

Kifungo bapa, cha matundu mawili au manne, chataka shingo. Laza njiti ya kiberiti juu yake, pitisha uzi juu ya njiti mara tano au sita, iondoe, kisha zungusha uzi chini ya kifungo ndipo upige fundo. Urefu wa shingo ulingane na unene wa kitambaa kitakachopita hapo.

Kifungo cha shaba cha sare ya sherehe kina kitanzi chake nyuma, hakihitaji njiti. Ila ukingo wa kitanzi hula uzi: uwe maradufu, tena upakwe nta. Koti zito liwekewe kifungo kidogo upande wa ndani, lisichanike.

Tunachokisahau zaidi ni kifungo cha mfuko wa kifuani, na humo ndimo kinamokaa kitambulisho.