Programu Inayothibitishwa kwa Hisabati

Breki za gari, pampu za dawa hospitalini na usukani wa ndege huongozwa na kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya mashine. Programu zake hutoa amri moja kwa moja kwa mitambo, na kosa dogo laweza kugharimu uhai.

Makosa hayo hujificha hata kwenye hesabu nyepesi. Chukua programu inayotafuta wastani kwa kujumlisha namba mbili na kugawa kwa mbili. Ikipewa 10 na 20, hutoa 15. Lakini namba ya biti 16 yenye alama ya chanya au hasi haizidi 32,767. Ikipewa 20,000 na 20,000, jumla hufurika, kwa kawaida ikageuka kuwa -25,536, na wastani ukawa -12,768. Ufinyu wa namna hiyo ndio ulioiangamiza roketi ya Ulaya, Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996: namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16.

Majaribio peke yake hayatoshi. Kujaribu kila jozi ya namba za biti 32, hata kwa kasi ya majaribio bilioni moja kwa sekunde, kungechukua zaidi ya miaka 580.

Uthibitisho wa kihisabati hufuata njia nyingine. Kwanza, kazi ya programu huandikwa kwa lugha ya mantiki isiyo na utata. Kisha hujengwa hoja kwamba programu haitakiuka maelezo hayo, iwe imepewa namba yoyote ile. Kompyuta hukagua kila hatua ya hoja, na pengo likibaki, uthibitisho hukataliwa.

Mwaka 2009, watafiti wa taasisi ya NICTA, Australia, walikamilisha uthibitisho wa seL4, kiini cha mfumo endeshi. Kiini hicho kilikuwa na takriban mistari 8,700 ya lugha ya C. Uthibitisho wake ulifikia mistari 200,000 hivi. Kwa sababu ya gharama hiyo, njia hii hutumika zaidi kwenye sehemu ndogo zinazobeba usalama wa mfumo mzima.

Hata hivyo, uthibitisho husimama juu ya misingi yake. Maelezo ya awali yakikosewa, au kichakataji kikiwa na hitilafu, hoja sahihi haitaokoa mashine. Ndiyo maana wahandisi huthibitisha programu, kisha wakaendelea kuijaribu ndani ya mashine yenyewe.